Ukuta Tulioula

Kaka yangu alikuwa mwangusha ng'ombe. Kuchinja kwenyewe alichinja mzee mmoja Mwislamu, kama ilivyo kawaida ya machinjio yetu, lakini kumfunga ng'ombe kamba, kumwangusha, kumchuna na kumpasua ilikuwa kazi ya kaka. Nilimpelekea uji asubuhi nyingi, kwa hiyo nimeona. Mmoja anavuta mkia, mwingine anavuta kamba ya miguu, na ng'ombe anaanguka kwa kishindo ambacho unakisikia kwenye nyayo zako. Halafu kisu. Halafu damu inaruka na kukimbia kwenye mfereji wa saruji, nzito, yenye povu, mpaka kwenye shimo ambako mbwa wanang'atana kwa ajili yake. Kaka alisimama katikati ya hiyo damu na mabuti yake ya mpira, akitaniana na wenzake.

Sijawahi kuona mahali penye damu nyingi kama pale. Na nyumbani kwetu, upande wa Butiama, mwendo mfupi tu kutoka machinjioni, tulikuwa wanawake watatu ambao hatukuwa na damu, na hatukujua.

Tuliishi wanne. Kaka, mke wake ambaye ni wifi yangu, mama yetu, na mimi. Baba alikuwa amefariki. Nilimaliza darasa la saba nikabaki nyumbani. Sikuwa mtu wa kusema. Shuleni mwalimu mmoja mgeni aliwahi kuuliza darasa zima kama mimi ni bubu, na sikumjibu hata hilo.

Kila siku kaka alirudi na kipande cha ini kwenye mfuko, bado cha moto. Nyumbani kwetu ini, figo na moyo vilikuwa vya mwanamume wa nyumba. Mimi na wifi tuliosha, tulikata, tulikaanga na vitunguu, tukambebea. Mama alikaa kwenye kigoda karibu na mafiga akitulinda kama askari.

"Mwanamke anayeonja ini ulimi wake unarefuka," alisema. "Mama yangu hakuonja. Mimi sijaonja. Ninyi mna njaa gani?"

Sisi tulikula ugali wa muhogo na mlenda, siku nyingine mchuzi wa dagaa, halafu kikombe cha chai ya rangi juu yake. Chai ilikuwa lazima. Mtu akiwa bado anatafuna, chai inamiminwa.

Wifi alikuwa wa Buhare, pembeni ya mji wa Musoma. Alipoolewa alikuja na kicheko kikubwa, mtu wa barabarani aliweza kukisikia. Mwaka wa tatu kicheko kiliisha. Mimba mbili zilikuwa zimetoka. Siku zake za mwezi zilikuwa nyingi mno, nilimwona akifua vitambaa akiwa amekaa chini kwa sababu akiinama anaona giza. Tukienda kisimani aliweka ndoo chini mara tatu kabla ya kufika nyumbani, mkono kifuani.

"Wifi, sikia," aliniambia siku moja, akachukua mkono wangu akauweka chini ya titi lake. Moyo ulikuwa unapiga kama wa kuku aliyekamatwa.

Niliutoa mkono nikainua ndoo yangu. Moyo wangu ulipigaga hivyohivyo tukipanda kilima cha kisimani. Nilidhani ndivyo mioyo ya watu ilivyo.

Kaka alimwona mvivu. Akirudi akimkuta wifi amelala mchana, alimwamsha kwa buti. Ugali ukichelewa, kofi. Kofi likamfanya apepesuke, na kupepesuka kukamuudhi kaka zaidi, kwa sababu aliona anajiigiza.

"Nimeoa mwanamke au nimeoa mgonjwa?" alimuuliza mama mbele yetu.

"Ng'ombe zetu zilikwenda Buhare nzima nzima," mama alijibu. "Wao wakatuletea nusu mtu."

Nilimsikia wifi akipigwa mara nyingi kiasi kwamba nilijua hatua za kipigo. Kwanza kaka anakohoa. Halafu mlango. Halafu sauti ya kitu kikavu, ambayo ni fimbo, au sauti ya kitu laini, ambayo ni ngumi. Mimi nilikaa upande wa pili wa ukuta nikichambua mchele au nikijifanya kuchambua, na mama aliongeza sauti ya redio.

Siku ya mnada mimi na wifi tulitumwa Bunda kuuza mihogo mikavu. Tulipomaliza, wifi alinivuta mpaka kwa mama mmoja wa makamo, amevaa baibui, anauza viungo vya pilau. Mbele ya viungo alikuwa amepanga mafungu ya udongo wa kula, wa kijivu, umekatwa vipande kama vidole.

"Karibuni wanangu. Huu wa kuchoma, huu wa kawaida. Mnajifungua lini?"

Wifi alicheka, na baada ya hapo sikumsikia akicheka tena kwa muda mrefu. "Hakuna mwenye mimba hapa, mama."

"Basi mna mimba ya udongo. Msione haya. Mnamwona mwalimu yule mwenye mkoba? Kila mnada yuko hapa. Mke wa askari, kila mnada. Na yule wa kubeba magunia, mwanamume mzima na misuli yake, ananunua anasema anampelekea dada yake. Dada gani? Namwonaga anatafuna nyuma ya lori."

"Na wewe mama unakulaga?"

"Mimi nauza. Mwenye kilabu akilewa, kilabu kinakufa." Lakini alipofungua kinywa kucheka niliona ulimi wake una rangi ya majivu.

Tulinunua mafungu mawili. Njia nzima tulitafuna, na sijui nieleze vipi utamu ule kwa mtu ambaye hajaupata. Ni harufu ya mvua ya kwanza, unaila.

Kaka aliukuta uliobaki kwenye mfuko wa gauni la wifi.

"Mimi naleta nyama nyumba hii, wewe unakula udongo kama kuku?"

"Nyama gani unayoniletea mimi?" wifi aliuliza.

Swali hilo lilimpotezea jino. Lilikuwa la mbele, na alilitafuta chini ya kitanda kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeziba mdomo. Kaka alitupa udongo chooni, akasema akiuona tena atamlisha wote kwa mwiko mpaka apasuke. Na mimi alininyooshea kidole, "Na wewe bubu, nakuona."

Jiko letu lilijengwa kwa udongo wa kichuguu. Mvua ikinyunyiza, ukuta wake ulitoa harufu ileile ya Bunda. Nilivumilia wiki mbili. Siku moja nilisogeza kuni zilizopangwa nyuma ya jiko nikabandua kipande kidogo kama ukucha, nikakiweka chini ya ulimi. Kesho yake nikaenda na kijiko. Siku ya nne nilikuta shimo ni kubwa kuliko nilivyoliacha, na pembeni kuna alama za kitu chenye ncha, si kijiko. Nikajua. Nikarudisha kuni kama zilivyokuwa. Hatukuambiana. Alikwenda kwa wakati wake na mimi wangu, na shimo likakua mpaka likawa kama kichwa cha mtoto.

Mwezi ule mambo ya kaka yaliharibika. Alikuwa ameanza kununua ng'ombe wake mwenyewe mnadani, na mkaguzi wa nyama akatupa maini na mapafu ya wawili, na wa tatu akaamuru afukiwe mzima. Mtamba wake aliyekuwa anamtegemea akafa zizini bila ugonjwa wa kuonekana. Wenzake machinjioni walimwambia, "Ndugu yetu, kuna mtu anakuchimba." Kwetu kila mtu anajua maana yake. Anayetaka kukumaliza anachukua udongo wa unyayo wako au wa nyumba yako, anaupeleka kwa mganga, na wewe unaanza kuisha kidogo kidogo kama ukuta wenyewe.

Asubuhi moja nilikuwa nimetoka nyuma ya kuni. Kijiko nilikifunga kwenye pindo la kanga. Nilimkuta kaka uani, hakwenda kazini, anazunguka nyumba ameinama, anakagua kuta moja moja. Alifika jikoni. Alianza kutupa kuni.

"Mama! Njoo uone. Nyumba yangu imechimbwa!"

Mama alikuja akaweka mikono kichwani. "Nilisema mimi. Nilijiuliza mimba zinatoka kwa nini, ng'ombe wanakufa kwa nini. Kumbe nyumba inabebwa."

Wifi alikuwa anafagia. Kaka alimshika shingo kwa nyuma akamsukumia uso kwenye shimo.

"Udongo umempelekea nani?"

"Sijampelekea mtu. Nimekula."

"Umekula nyumba?"

"Nimekula."

"Yote hii? Peke yako?"

Hapo ndipo aliponitazama. Mara moja tu, kwa jicho lililokuwa upande wangu. Kucha zangu zilikuwa zimejaa ukuta ule. Neno moja, mimi, lingetosha. Nililisikia limekaa kooni kama mfupa wa samaki, halipandi wala halishuki.

"Peke yangu," wifi alisema.

Kaka alimwangusha kama anavyoangusha kazini. Alimshika mguu, akavuta, na wifi akaanguka kwa kishindo. Alimpiga kwa fimbo ya kuswagia ng'ombe mpaka ikavunjika. Aliuliza, "Nani?" akapiga. Akauliza tena, akapiga. Mama alisema, "Aseme, aseme tu." Kuku walikimbia. Kaka akaona panga lililokuwa limechomekwa kwenye gogo la kuni, akalichomoa, akaanza kumpiga kwa bapa, mgongoni, mabegani. Bapa la kwanza, la pili. La tatu wifi aliinua mkono kukinga kichwa, na panga likageuka.

Mkono ulifunguka kutoka karibu na kiwiko mpaka karibu na kifundo. Kwa muda kidogo ulikuwa mweupe, kisha ukajaa.

Nimekua nikiona damu. Hii haikufanana na damu yoyote niliyoijua. Ilikuwa nyepesi, ya rangi hafifu, kama maji tuliyooshea nyama. Iliteremka haraka, ikaingia kwenye vumbi bila kuacha bonge wala povu. Hata kaka alisimama akaitazama. Nafikiri aliona kama mtu wa kazi ile kwamba kuna kitu hakiko sawa.

"Hii ni damu gani?" alisema.

Alivua shati akamfunga. Pikipiki ilitubeba, dereva, wifi katikati na mimi nyuma nimemshika, mpaka zahanati, na kutoka zahanati gari likatupeleka Musoma. Kaka na mama walitufuata. Wifi alikuwa baridi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya karatasi ya daftari.

Daktari alikuwa dada mdogo, pengine hanizidi miaka kumi. Alivuta kope la chini la wifi, na ndani palikuwa peupe. Alishona, akatoka nje kwetu akiwa bado na glovu.

"Jeraha nimelifunga. Watu wanakatwa zaidi ya hivi wanarudi nyumbani kwa miguu. Huyu alikuwa hana damu kabla ya kukatwa. Kwa muda mrefu. Hiki kidogo kilichomwagika ndicho alichokuwa anaishi nacho. Nyumbani mlikuwa mnamwonaje?"

"Tulimwona mvivu, daktari," mama alisema.

Daktari alivua glovu. "Fomu ya polisi iko wapi?"

"Alianguka kwenye panga akikata majani ya ndama," kaka alisema.

Daktari alinigeukia mimi. Niliangalia vidole vya miguu yangu.

Akasema wifi lazima aongezewe damu siku ileile, na ndugu waje kutoa, kwa sababu iliyokuwepo ya kundi lake imekwisha. Kaka alipiga simu. Alikuja baba mdogo, mvuvi, na majirani zetu wawili, wanawake waliokuwa wamekuja mjini sokoni. Pamoja na mama, kaka na mimi tukawa sita. Nilihesabu nikapata moyo. Watu wazima sita, na wifi amelala ndani anahitaji angalau chupa moja.

Chumba cha kutolea damu kilikuwa na muuguzi mtu mzima, mnene, wa maneno makavu. Mezani kwake kulikuwa na kichupa cha maji ya buluu, buluu ya kweli kama wino. Anakuchoma kidole, anadondosha tone lako kwenye yale maji.

"Likizama, tunakwenda kitandani," alisema. "Likielea, kaa na damu yako, unaihitaji mwenyewe."

Tone la mama lilielea. Muuguzi alitikisa kichwa, akaita anayefuata. La jirani wa kwanza lilielea. La jirani wa pili lilishuka kidogo, likasita kama mtu aliyesahau kitu, likapanda tena. Baba mdogo alinyoosha kidole chake kigumu cha kamba za nyavu, akamtania, "Hapa utapata ya kugawa wodi nzima." Tone lilielea.

"Baba, unakojoa damu?" muuguzi aliuliza.

"Ah, tangu utoto. Sisi watu wa ziwani tunakojoaga hivyo."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Hicho ni kichocho, baba. Si kabila."

Baba mdogo alicheka, halafu akaona hakuna anayecheka naye.

Ikawa zamu yangu. Kaka alikuwa nyuma yangu, nilisikia pumzi yake shingoni. Tone langu liliingia, likazunguka, likarudi juu likakaa pale jekundu.

"Lete mkono. Fungua kiganja." Muuguzi aligeuza vidole vyangu. "Kucha zimebonyea kama vijiko. Binti, unakulaga udongo?"

"Hapana."

"Hapana naisikia kila siku. Wanakuja hapa watu wazima, wamependeza, simu mkononi, anachoka, anasikia masikio yanavuma, anasema ni kazi, ni jua, ni kurogwa. Matone yanaelea tu. Haya, pembeni. Anayefuata."

Tone la kaka lilizama kama jiwe.

Alicheka kwa sauti. "Mnaona? Mtu wa machinjio, maini kila siku!" Na kipimo cha kundi kilipotoka, kilikuwa kinamfaa wifi. Kati yetu wote, damu iliyofaa kuingia kwa wifi ilikuwa ya yule aliyemwaga yake.

Alipolala kitandani na kuona sindano, aligeuza uso ukutani. "Dada, taratibu."

"Si umesema ni wa machinjio?"

"Ng'ombe ni ng'ombe," kaka alisema, macho amefumba.

Muuguzi alinipa soda nimshikie. "Kaa hapa. Asiinuke mpaka niseme." Akaenda meza ya pili. Mfuko ulikuwa chini ya kitanda, juu ya mashine inayoubembeza huku na huku, na damu ya kaka ikaanza kuujaza. Nzito. Karibu nyeusi.

Kaka alifumbua macho akaanza kuongea na mimi, kwa sauti ya chini, ya utulivu.

"Akipona ataniambia udongo uko kwa nani. Nimeshaongea na vijana. Jumamosi watakuja. Mwanamke hawezi kula ukuta, huo ni uongo wa kitoto. Akisema, sawa, anaondoka. Asiposema, watamtoa wao."

Nilijua vijana wakija Jumamosi inakuwaje. Mwaka uliotangulia walikwenda kwa bibi mmoja wa kilima cha pili, aliyesemekana mchawi. Nilipita pale Jumapili nikienda misa. Zilibaki kuta, na sufuria zake zimeyeyuka zikawa mabonge.

Neno lile lilirudi kooni. Nilitaka kulitoa palepale, lakini niliangalia mfuko. Haujafika hata nusu. Nikisema sasa atang'oa sindano, na damu ya wifi itamwagika sakafuni. Kwa hiyo nilinyamaza, na safari hii nilijua kwa nini nanyamaza. Nilimpa soda. Nilimfuta jasho. Aliniambia mimi ni mdogo wake mzuri, simpi taabu kama wanawake wengine. Mfuko ulibembea, ukanenepa, ukawa kama ini jipya.

Muuguzi alikuja, akabana mpira, akachomoa sindano, akaweka pamba. "Kunja mkono. Lala kwanza." Akaubeba mfuko kwa mikono miwili, akatoka nao. Mlango ulijifunga nyuma yake.

"Kaka," nilisema. "Ukuta nilikula mimi."

"Nini?"

Nikarudia. Ilitoka kubwa, sikujua nina sauti ile. Waliokaa kwenye benchi nje walisikia, baba mdogo aliniambia baadaye. "Nilikula mimi na yeye. Hakuna mchawi. Asubuhi ile kijiko kilikuwa kwenye kanga yangu, na bado kipo. Na hakuanguka kwenye panga. Ulimkata wewe."

Aliinuka. Kofi la kwanza lilinitupa kwenye meza, kichupa cha buluu kikapasuka sakafuni. La pili lilikuwa ngumi, sikioni, na sikio hilo mpaka leo linasikia kama liko ndani ya mtungi. Pamba ilikuwa imeanguka. Kila alipoinua mkono, damu iliruka kutoka kwenye kitundu cha sindano, ikanipiga usoni, ikachora ukuta mweupe. Aliinua mkono wa tatu. Macho yakageuka meupe. Akaanguka kwa kishindo ambacho nilikisikia kwenye nyayo zangu.

Muuguzi aliingia mbio. "Si nilisema asiinuke!" Halafu aliona uso wangu. Alimwinua kaka miguu kama alivyofundishwa, alimpa hewa, na alipozinduka akamwitia askari. Fomu ya polisi iliandikwa, na safari hii mimi ndiye niliyeulizwa, na nilijibu.

Mama alikuwa kwenye benchi. "Umeniulia mwanangu," aliniambia.

"Mwanao mwingine ana damu usoni, shemeji," baba mdogo alisema. "Mtazame na huyo." Mama hakunitazama. Jumamosi baba mdogo alikwenda nyumbani mwenyewe, akasimama uani akawaambia vijana alichosikia kwa masikio yake. Waliondoka wakitukana, wakavunja mtungi wa maji, basi.

Sikurudi. Mama mdogo wangu wa Kigera alinipokea. Nilipewa vidonge vyekundu vya kuongeza damu, na dawa ya minyoo, na nikaambiwa nisinywe chai pamoja na chakula kwa sababu inazuia damu kuongezeka, nisubiri chakula kishuke kwanza. Vidonge vilinifunga tumbo na choo kikawa cheusi, karibu niviache. Niliendelea. Baada ya muda nilipanda kutoka sokoni na mzigo na sikusikia moyo. Nilisimama njiani nikautafuta kwa mkono.

Wifi alichukuliwa na kaka zake. Kaka yangu alikaa rumande siku chache, wazee wakaongea, akatoka. Anaangusha ng'ombe bado. Anasema kwa watu kwamba mwanamke yule anatembea na damu yake, na siku atakayotaka ataidai.

Nilikwenda Buhare peke yangu. Wifi alikuwa nje ya nyumba ya mama yake, anachambua mboga za kunde. Kovu lilikuwa refu kwenye mkono, limevimba. Nilikuwa nimejipanga njia nzima, nikasema yote kwa mara moja, kijiko, kanga, kucha, yote.

"Nilikuona na kijiko tangu mwanzo," alisema. "Mimi nilikuwa natumia msumari."

"Basi kwa nini hukunitaja?"

Alivunja majani mawili matatu. "Mimi nilikuwa na Buhare. Ningefukuzwa, ningekuja hapa. Wewe ungekwenda wapi? Kwenu ni palepale."

Nikaanza kulia. Akasema, "Sogea." Nilisogea, nikidhani atanikumbatia. Alinizaba kibao kwenye shavu la sikio bovu, nikaona nyota.

"Hicho ni cha kunyamaza," alisema.

Sikuondoka. Kilikuwa kibao cha mtu mwenye nguvu, na kiganja kilipokuwa kinarudi nilikiona ndani kilivyo, chekundu.

Alinawa, akaingia ndani, akatoka na sahani. Ini, limekaangwa na vitunguu, na mboga zilezile za kunde pembeni, na ndimu. Mama yake aliuliza kutoka ndani kama alete chai.

"Chai baadaye!" wifi alipiga kelele.

"Anasema una damu yake," nilimwambia.

"Ilikuwa yake." Alisukuma sahani kwangu. "Kula, kabla halijapoa."

Nilikula, shavu linawaka.